Kutwa nzima nikingoja mnyororo ujikunje

Saa mbili hadi saa nne asubuhi nilisimamia mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia, hapa Lubumbashi. Hayana la kusimuliwa.

Saa nne na robo nilianzisha kwenye kompyuta hesabu ya mnyororo wa polima, yaani molekuli ndefu kama uzi, wenye shanga 512, kila shanga ikisimama badala ya kipande cha molekuli. Ule wa shanga 64 nilikuwa nimekwisha kuupima. Mnyororo ukirefushwa mara nane ndani ya kiyeyushi kizuri, yaani kimiminika ambacho shanga hupenda kukigusa, nusukipenyo chake hukua karibu mara 3.5, kwa kanuni ya Paul Flory, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1974. Ndani ya kiyeyushi kibaya, ambamo shanga hupenda kugusana zenyewe kuliko kugusa kiyeyushi, mnyororo hujikusanya kuwa tonge, na nusukipenyo hukua mara mbili tu. Hiyo mara mbili ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Saa tano akaingia mzee mmoja mchimbaji, na mfuko wa mawe ya kijani.

“Asistanti, nipimie shaba.”

Katika mji huu mtu wa kemia ni mtu wa madini, basi. Nilimweleza kwamba maabara ya madini iko jengo jingine. Akavuta kiti, akatazama skrini. “Mwanangu, hizo shanga unaziuza wapi?” Alikaa saa nzima, akiuliza kila dakika kama imekwisha. Lakini ni yeye aliyeona kwamba mnyororo hauanguki wote kwa pamoja: vibonge vidogo huota kando kando ya uzi, kisha majirani humezana. “Ni bukari iliyokorogwa vibaya,” akasema, yaani ugali. “Ila mke wangu hukoroga mabonge yaishe, wewe unangoja yawe moja.” Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Vilipobaki vibonge vitatu, umeme ukakatika. Nakala ya mwisho nilikuwa nimeihifadhi kabla mzee hajaingia. Kosa ni langu.

Umeme ulirudi alasiri, nami nikarudia upya, macho yakiwasha, hata sikutazama tena saa. Tonge lilipotulia giza lilikuwa limeingia. Uwiano wa nusukipenyo chake na cha ule mnyororo wa shanga 64 ulitoka 1.9, pungufu kidogo ya mbili, kwa kuwa katika tonge dogo shanga nyingi ziko upande wa nje, hazibanwi pande zote. Kesho nitajaribu shanga 4,096, na nitahifadhi nakala kila robo saa.