Mguu wa mbao: kisigino kifupi, bomba la sindano na springi mbili

Sehemu ya chini ya mguu wa mbao ninaoujenga ili nielewe miguu ya wakimbiaji wa mbio fupi imekamilika. Muundi ni ubao mwembamba uliosimamishwa wima, wayo ni kipande cha plaiwudi, na kifundo ni boliti moja iliyopita katikati ya vyote viwili. Nyuma ya boliti nimetoboa matundu matatu: sentimita 4, 5 na 6. Hayo ndiyo visigino vyangu. Kamba inafungwa kwenye tundu mojawapo, inapanda nyuma ya muundi, inapita juu ya kapi, kisha inashuka kwenye mfuko wa mchanga. Mfuko ukishuka kisigino hupanda, na vidole husukuma chini, kama mtu anayejirusha kutoka ardhini. Upande wa vidole kuna kapi la pili lenye mzigo wa kunyanyua.

Kilichonifanya nianze ni utafiti wa Sabrina Lee na Stephen Piazza wa mwaka 2009. Waliwapima wakimbiaji wa mbio fupi na watu wasiofanya michezo, wakakuta kwamba kwa wakimbiaji umbali kutoka kifundo hadi kano ya kisigino (kamba ngumu inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino) ni mfupi kwa karibu robo. Vidole vyao ni virefu zaidi, na nyuzi za misuli ya shavu la mguu nazo ni ndefu zaidi. Hilo la vidole nalielewa. La kisigino lilinikera kwa muda mrefu, maana yeyote aliyewahi kung'oa msumari anajua kwamba wenzo mfupi haukusaidii.

Mguu wa mbao nao ulikubaliana na mng'oa misumari. Kwa mfuko wa mchanga peke yake, tundu la sentimita 6 lilinyanyua mzigo bila shida, la 4 likajikokota. Lakini mchanga si msuli. Mchanga huvuta kwa nguvu ileile ukishuka taratibu au ukishuka kasi. Msuli hauko hivyo: kadiri unavyojifupisha kwa kasi ndivyo nguvu yake inavyopungua, hadi kufikia kasi ambayo hauvuti kitu. Mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill aliliandikia hilo kanuni mwaka 1938, akitumia misuli ya chura, na hadi leo ndiyo kanuni wanayoanza nayo watu wa fani hii.

Kwa hiyo nilihitaji msuli unaochoka na kasi. Jibu ni bomba la sindano lisilo na sindano, lililojazwa mafuta ya kupikia. Mfuko wa mchanga sasa unakaa juu ya pistoni, na ili ushuke lazima ukamue mafuta yatoke kwenye tundu dogo la chini. Ukishuka polepole, mafuta hayana neno. Ukitaka kushuka haraka, yanakataa, na nguvu inayofika kwenye kamba inapungua. Ni uchafu usioelezeka (weka beseni chini, na usivae nguo unayoipenda), ila unafanya kazi.

Hapo mambo yakageuka. Nikiweka mzigo mzito upande wa vidole, kisigino kirefu bado kinashinda. Nikiweka mzigo mwepesi, ambapo wayo unataka kuzunguka kasi, kile cha sentimita 4 kinatangulia kufika chini, na tofauti inaonekana kwa macho bila hata kurekodi. Hesabu yake si ngumu. Kifundo kikizunguka digrii 30 kwa sekunde 0.05, kamba kwenye tundu la 5 husafiri sentimita 2.6, kwenye tundu la 4 husafiri 2.1. Msuli wa kisigino kifupi unafupika taratibu zaidi, hivyo unabaki na nguvu ambayo mwenzake ameshaipoteza.

Nikaunganisha mabomba mawili, moja juu ya jingine, kuiga nyuzi ndefu. Kila bomba sasa linasafiri nusu ya umbali kwa muda uleule, na upinzani unashuka. Kumbe nyuzi ndefu na kisigino kifupi vinafanya kazi moja kwa njia mbili: kila kipande kidogo cha msuli kisilazimike kukimbia sana. Hili lilinipendeza kuliko yote, maana kisigino unazaliwa nacho, ilhali urefu wa nyuzi unaweza kubadilika kwa mazoezi.

Sasa kano. Kwenye kamba nimeingiza springi ya chuma. Mpira nimeukataa kwa sababu unavutika mno. Kano ya kisigino, chini ya nguvu kubwa, hurefuka kwa asilimia chache tu. Tena hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya nishati iliyowekwa ndani yake, wakati mpira wa kawaida hula sehemu yake na kuigeuza joto.

Muundi nimeufunga kwenye reli za droo ili udondoke wima, kamba nimeikaza juu isisogee kabisa (yaani msuli umeshika, haufupiki), kisha nikaangusha mguu mzima utue kwa sehemu ya mbele ya wayo. Simu inarekodi picha 240 kwa sekunde. Springi laini: wayo uligusa sakafu kwa picha 52. Springi ngumu, karibu mara tatu ya ile: picha 30, yaani sekunde 0.125. Wakimbiaji bora wa dunia wakiwa kwenye kasi ya juu hugusa ardhi kwa takriban sekunde 0.09, ambazo kwa kamera yangu ni picha 22 hivi. Ndani ya muda huo wanasukuma ardhi kwa nguvu inayozidi uzito wa miili yao mara kadhaa.

Kisha nikaiachia kamba, nikairudisha kwenye mafuta badala ya kuikaza. Springi ngumu ikawa haina maana. Mguu ulitua, mafuta yakakamuka, kisigino kikagonga sakafu pwaa. Kano ngumu inahitaji msuli unaoweza kushikilia bila kulegea. Ukilegea, hakuna kinachovutika wala kinachorudi.

Kisigino kifupi kinaongeza jambo hapa pia. Chukua mkimbiaji wa kilo 70 anayebeba mara tatu ya uzito wake kwenye sehemu ya mbele ya wayo, sentimita 13 kutoka kifundo. Kwa kisigino cha sentimita 5, kano inabeba sawa na kilo 546. Kwa cha 4, kilo 682. Nguvu imepanda kwa robo, na kwa kuwa nishati ya springi hufuata mraba wa nguvu, kano ileile inahifadhi asilimia 56 zaidi. Mimi naona hiyo ni faida na deni kwa pamoja, hasa ukikumbuka kwamba kiini cha kano hii kwa mtu mzima hakijirekebishi sana. Utafiti wa mwaka 2013, uliotumia kaboni iliyotawanywa hewani na majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kiini hicho hujengwa kabla ya kumaliza ujana.

Kinachofuata ni goti na misuli ya nyuma ya paja. Kazi imeongezeka, kwa sababu misuli hiyo mingi inavuka viungo viwili, nyonga na goti, na huvutwa zaidi pale mguu unapotupwa mbele kabla ya kutua, ndipo pia inapochanika mara nyingi. Kamba moja lazima ipite makapi mawili yanayozunguka kinyume. Nimeshakata ubao wa paja. Makapi niliyonayo ni makubwa mno kwa goti, na bomba la sindano kubwa kuliko haya bado natafuta.