Robo mwaka imefika, nahesabu watu

Juni 30 ikikaribia mi huwa si wa kusemeshwa. Nafanya kazi kwenye kaofisi kadogo huku Marekani, tunasaidia waathirika wa uhalifu, mtu kapigwa nyumbani, mtu kauliwa ndugu yake, tunaenda nao mahakamani, tunawajazia fomu za fidia, usiku tunawatafutia pa kulala. Na kila baada ya miezi mitatu lazima turipoti tumehudumia wangapi, na hiyo ripoti ni mzigo wangu.

Wengi wanadhani hela zinazotuendesha ni kodi. Hapana. Kuna sheria ya mwaka 1984 inaitwa VOCA, ndo ilianzisha mfuko wa waathirika, na mfuko unajazwa na faini za waliotiwa hatiani kwenye mahakama za serikali kuu, makampuni makubwa yakiwemo. Kwenye fungu la huduma kila jimbo linaanzia dola 500,000, zinazobaki zinagawanywa kwa idadi ya watu, halafu jimbo ndo linatugawia sisi wa huku chini. Na jimbo limebanwa, asilimia 10 iende kwa waliobakwa, 10 ukatili wa majumbani, 10 watoto walioteswa, 10 wale ambao huwa wanasahaulika. Sasa litaonyeshaje kwamba zimefika kama sisi tunapeleka karatasi tupu?

Juzi nimekaa na mwenzangu, mzoefu kuliko mimi, ananiambia, "Mdogo wangu, huyu mama kanipigia mara 14, mbona hapa unaniwekea mmoja?" Nikamwambia dada, mtu ni mmoja, huduma ndo 14, zinaingia sehemu nyingine. Aliyekuja Februari akarudi Mei anahesabiwa tena robo hii ila sio mpya. Aliyepiga bila kutaja jina ana kisanduku chake. Aliyepigwa na akabakwa ni mtu mmoja ila makosa yanatikiwa yote mawili. Akaguna tu, anasema mi nasaidia watu sio mahindi.

Namuelewa, ila tatizo ni kwamba nusu ya kazi yake iko kwenye gari. Sitanii. Nilifungua kidroo cha mbele nikakuta risiti za maegesho zimekunjwa, nyuma kaandika kwa penseli "mama + 2, amri ya zuio, saa 3 usiku". Amri ya zuio ni ile ya mahakama ya kumkataza mtesaji asimsogelee mtu. Hao +2 ni watoto, kakaa nao saa nzima korido ya mahakama wanachora huku mama yao yuko ndani, na kwenye mfumo hawapo kabisa, ni kama hawakuwahi kuja.

Na huu sio wakati wa kupoteza hata wawili. Mwaka 2018 Kongresi iliruhusu zaidi ya dola bilioni 4.4 zitoke kwenye mfuko, 2024 ikawa kama bilioni 1.35 hivi, maana faini zilizokuwa zinaingia zilipungua sana, waendesha mashtaka wakawa wanamalizana na makampuni kwa makubaliano bila hukumu na hela za makubaliano zilikuwa haziingii mfukoni mpaka sheria ikarekebishwa 2021. Wateja wetu ndo kwanza wako palepale. Sasa ukienda kuomba hela za kuziba pengo, swali la kwanza ni "mlihudumia wangapi?", hakuna anayeuliza mlichoka kiasi gani.

Kinachoniudhi ni kwamba familia iliyouliwa mtu, tunatembea nayo miaka miwili kesi ikiahirishwa tu, inahesabiwa vichwa sawasawa na mtu aliyepiga simu dakika tano kuuliza namba ya polisi. Kwahiyo pale kwenye maelezo mi hujaza mpaka nafasi iishe, wasome wasisome shauri yao.

Wale watoto nimewaingiza. Imebaki risiti moja mwandiko hausomeki, ni saba au ni moja sijui, nimempigia dada hapokei, yuko mahakamani.