Nilivyojipangia mipaka ya hali ya hewa ya kuruka peke yangu, Mwanza hadi Musoma

Sheria ya kuruka kwa kutumia macho haidai mengi. Chini ya futi 10,000 unatakiwa uone mbele kilomita 5, ukae mita 1,500 kando ya wingu na futi 1,000 juu au chini yake. Kwa rubani mzoefu sawa. Kwa mwanafunzi aliye peke yake, kilomita 5 ni ukungu tu, maana kwa mwendo wa noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, unazimaliza kabla dakika mbili hazijatimia. Mwalimu wangu alitaka niandike mipaka yangu mwenyewe, aitie sahihi, na nikitaka kuivuka nimpigie yeye kwanza.

Niliandika uoni wa kilomita 10, na wingu lisilo chini ya futi 3,000 kutoka ardhini. Upepo wa ubavuni niliishia noti 8, ingawa kitabu cha ndege yetu, Cessna 172, kinataja 15. Hiyo 15 ilijaribiwa na rubani wa kiwanda, si mimi na wasiwasi wangu. Joto nalo lina hesabu yake, maana hewa ya moto ni nyepesi kama ya juu zaidi. Uwanja wa Mwanza uko karibu futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, na siku ya nyuzi 30 injini na mbawa zinafanya kazi kama ziko futi 6,400. Ndege inakula njia ndefu ya kurukia, halafu inapanda kivivu.

Ila namba zote hizo hazikunisaidia kama saa ya ukutani ilivyonisaidia. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuingia ziwani kutoka pande zote, hewa inakutana huko katikati na kupanda, radi zinapiga mpaka alfajiri. Waulize wavuvi wa dagaa. Mchana mambo yanageuka, upepo wa ziwani unaingia nchi kavu na mawingu yanaanza kuumuka upande wa Mara na Serengeti. Katikati ya hizo zamu mbili kuna upenyo, na mimi niliufanya kuwa mpaka: siondoki kabla ya saa tatu asubuhi, na kama sina uhakika wa kutua Mwanza kabla ya saa saba mchana, siondoki kabisa. Miezi ya vuli na masika upenyo huo hufinyika, siku nyingine haupo.

Safari ya Shinyanga haikunipa shida, ni nchi kavu mwanzo mwisho, lami na reli ziko chini yako. Musoma ndiyo yenye mtego. Mstari ulionyooka kwenye ramani unakata Ghuba ya Speke. Cessna injini ikizima huteleza kama maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000 za kimo, kwa hiyo nikiwa futi 3,000 juu ya maji nafika maili nne na kitu, zikipungua upepo ukiwa usoni. Nikaamua kufuata barabara: Magu, Lamadi, Bunda, kisha Musoma. Inaongeza zaidi ya robo saa na mafuta yake. Wenzangu walinicheka kwamba naendesha basi angani. Sawa tu.

Kilichobaki ni hamu ya kurudi, na hiyo ndiyo iliyonichukulia muda kuitafutia dawa. Tangu ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoingia ziwani na watu 19 wakafa, nyumbani hakuna aliyenihimiza niwahi. Presha ilitoka kwangu, na kwa mwanafunzi mwenzangu anayeisubiri ndege hiyohiyo jioni. Nilichofanya ni kuhakikisha kulala njiani hakuniumizi. Kwenye begi niliweka mswaki, shati, chaja, kamba za kufungia ndege, na pesa ya gesti na nauli ya basi, ambayo sikuigusa kwa kitu kingine. Mwenzangu naye nilimwambia mapema kabisa kwamba huenda ndege isirudi.

Basi siku moja Musoma, saa tano na nusu, wingu la upande wa Bunda lilikuwa limeshaota kichwa cheupe na chini yake kumekuwa bluu nzito. Juu ya uwanja jua linawaka, upepo mtulivu kabisa. Mlinzi akanitazama navyozunguka ndege.

"Shikamoo mzee. Ile mvua inakuja huku?"

"Marahaba mwanangu. Ile haiji. Ile inakusubiri kulekule."

Nilimpigia mwalimu. Hakuuliza mengi, aliuliza tu kama nina kamba. Mzee akanisaidia kuzifunga mbawa na mkia, nikapanda bodaboda kwenda kutafuta chumba. Saa tisa radi zilisikika mpaka mjini. Kesho yake saa tatu na robo nilikuwa hewani, Bunda iko wazi, na malipo ya ile ziada ya siku tuligawana na yule mwenzangu baada ya kubishana kidogo.