Maji mekundu kisimani: jinsi tulivyoyamaliza

Pampu ya mkono aina ya U2 ambayo kikundi chetu kilifunga Kiryandongo, Uganda, ilianza kutoa maji mekundu, yanachafua ugali na nguo nyeupe. Tulitia klorini, tukasafisha kisima kwa kompresa. Wapi!

Fundi mmoja akaniambia, “Mama, alfajiri jaza jerikani mfululizo, uzipange.” Ya kwanza ilikuwa kama chai ya rangi; za mwisho, safi kabisa. Kumbe kutu ilitoka kwenye mabomba, si ardhini: maji yenye asidi hula chuma kilichopakwa zinki, na yakilala humo usiku kucha rangi hukolea.

Tukapima pH (kipimo cha asidi; ikishuka chini ya 7, maji yana asidi): chini ya 6.5. Tukang’oa mabomba, tukafunga ya chuma cha pua kisichoshika kutu (bei yake, we acha tu), tukatia klorini, tukapampu mpaka harufu ikaisha. Badilisheni na fito za ndani pia, zile za chuma zinazopita ndani ya mabomba kutoka mpini hadi chini. Nazo hushika kutu.