Swali la kumi na moja

Siku ya tano leo na jibu la yule mzee bado linanirudia. Nikiosha vyombo, lipo. Nikizima taa, lipo.

Tulikuwa jikoni kwake Kautokeino, kaskazini mwa Norwe: mimi na dodoso langu la utafiti, yeye mfugaji wa renidia, wale wanyama wa nchi za baridi wenye pembe kama matawi, na binti yake aliyekuwa akinitafsiria Kisami, lugha ya wenyeji wa kule. Maswali kumi ya mwanzo yalikwenda vizuri: mvua za katikati ya baridi, malisho, bei ya chakula cha kununua. La kumi na moja nikalisoma kama lilivyo kwenye dodoso: "Una renidia wangapi?"

Binti akasita. Nikadhani hakunisikia, nikarudia. Hapo ndipo pananiuma zaidi, kwamba nilirudia. Mzee akaweka kikombe chini, akanitazama kwa upole kabisa, akasema: "Na wewe, benki una krona ngapi?"

Nikacheka. Wao hawakucheka.

Mnaomkumbuka Babu wa Bahi mtaelewa kwa nini silali. Nilikuwa na miaka saba aliponitandika fimbo zizini kwa kuhesabu ng'ombe wake kwa kidole. "Unataka kuwamaliza?" Leo nimeenda kumuuliza mzee wa watu jambo ambalo kijijini nisingethubutu kumuuliza jirani, kisa limechapwa kwenye karatasi.

Tena kule idadi ni kesi. Serikali ya Norwe huweka kikomo cha mifugo. Mwaka 2017 mfugaji kijana, Jovsset Ánte Sara, alishindwa katika Mahakama ya Juu na kutakiwa apunguze kundi lake kutoka 116 hadi 75. Desemba hiyo hiyo dada yake, Máret Ánne, alitundika mafuvu 400 ya renidia mbele ya Bunge, Oslo. Yote hayo nimeyaandika mwenyewe katika sura ya pili ya utafiti wangu. Siku ile yalibaki hukohuko kwenye sura ya pili.

Wiki yenyewe imepita: jua limerudi, sura ya tatu imekubaliwa.

Ila sijawaeleza kilichofuata. Nilitia dodoso mkobani, nikamwomba binti amsimulie mzee habari za babu na ile fimbo. Alisikiliza hadi mwisho, akavaa buti, akaniashiria tutoke. Kwenye kilima nyuma ya nyumba akachimba theluji kwa koleo mpaka likagonga, ko! Akapiga tena, akabandua kipande cha barafu na kunipa. Ndani yake ilionekana laikeni, kile kimea cha kijivu wanachokula renidia, imenaswa nzima nzima.

"Čuohki," akasema, yaani barafu iliyofunga malisho, akanitamkisha mpaka nikapatia.

Renidia hunusa chakula chini ya theluji na kukifukua kwa kwato. Mvua ikinyesha katikati ya baridi, kisha pakaganda, kwato hazipenyi. Mwaka ukiwa mbaya hivyo wanauita goavvi. Tulisimama pale zaidi ya saa nzima, vidole vimekufa ganzi, akinieleza wanavyofanya: kuhamishia kundi msituni, kuligawa, kuomba malisho kwa jamaa. Lakini kuhama kunataka pa kuhamia, na kila anakoelekeza mkono kuna barabara, nyumba za mapumziko au mradi unaokuja. Sisi watafiti tunauliza wafugaji wanakabilianaje na tabianchi kana kwamba mbinu hawana. Mbinu wanazo, ardhi ndiyo inayobanwa.

Swali la kumi na moja nimelifuta. Msimamizi anataka lirudi, eti majedwali yanahitaji idadi. Silirudishi, na nitamwandikia sababu kesho.

Wakati wa kuagana mzee aliushika mkono wangu. "Babu yako alikuwa na ng'ombe wangapi?" Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na binti naye, na mimi.