Boléro inapokaribia lebo

Jumamosi jioni nilizima feni, nikafuta vumbi kwenye santuri ya Boléro, kazi ya okestra ya mtunzi Mfaransa Maurice Ravel, nikashusha sindano taratibu na kuketi kwenye joto ili nisikilize. Kazi hiyo ya mwaka 1928 huanza kwa ngoma ndogo inayopigwa kwa sauti ya chini mno, na nilichokisikia kwanza kilikuwa mikwaruzo ya santuri yenyewe, ngoma ikiwa nyuma yake kama mtu anayezungumza huku mvua ikipiga bati. Robo saa baadaye, okestra nzima ilipokuwa ikinguruma kwa tarumbeta na matoazi, sauti ilianza kupasuka.

Sindano haikuwa na kosa. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu kuliko ule wa karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, kwa hiyo mfereji uliobeba sauti hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde mwanzoni, na mwishoni kasi hiyo hushuka hadi chini ya nusu. Mawimbi yaleyale ya sauti hubanwa katika nafasi finyu, na sindano hushindwa kuyafuata sawasawa. Boléro basi imekaa kinyume kabisa na santuri: ukimya wake umewekwa penye nafasi tele, kelele zake penye msongamano. Kampuni ya Tacet ya Ujerumani imewahi kuitoa kwenye santuri inayochezwa kutoka ndani kwenda nje, na mimi sioni kichekesho chochote katika hilo.

Niliirudia kazi hiyo kutoka kwenye kompyuta, kwa amplifaya ileile na spika zilezile. Ngoma ilitokea katika ukimya mtupu, na mwisho haukupasuka. Sauti ya kidijitali ya kiwango cha CD, yenye biti 16, huweza kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya kilicho kidogo na kilicho kikubwa, ilhali santuri nzuri hufikia 70 hivi kwa shida.

Hata hivyo sijauza santuri zangu. Kwa piano peke yake hali ni nyingine, na ushahidi wangu ni Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada aliyerekodi Goldberg Variations za Bach mwaka 1955, kisha akazirudia mwaka 1981 katika studio ileile ya New York, safari hii kwa mitambo ya kidijitali, ambayo wakati huo ilikuwa bado michanga. Kanda za analogia, yaani zisizo za kidijitali, nazo zilikuwa zikizunguka pembeni kama akiba, na toleo la mwaka 2002 lilitengenezwa kutokana na kanda hizo za akiba. Ndiyo maana huwa sibishani na wanaouliza kipi ni bora kwa jumla, santuri au sauti ya kidijitali. Huwauliza kwanza ni muziki gani, na ulirekodiwaje.

Gould wa 1955 ninaendelea kumsikiliza kwenye santuri, nikiinuka katikati kugeuza upande. Boléro nimeihamishia kwenye kompyuta kabisa, ingawa feni bado ninaizima, maana sasa mikwaruzo imeondoka na feni ndiyo inayoifunika ngoma.