Skrubu ya nyuma kwenye Benzi la mzee

Desemba 2016 tumerudi Moshi kula Krismasi kama ilivyo kawaida ya Wachagga, mimi nimetokea Dar na spika mbili za inchi nne nilizonunua Kariakoo kwa ajili ya Benzi la mzee. Ni ile modeli ya W123, zile zilizoingia sokoni 1976, la kwake ni toleo la 200 la mwaka 1982 na bado linapanda mlima bila kulalamika, ila redio ilikuwa inakoroma kama mtu mwenye mafua, karatasi za spika za mbele zilishachanika siku nyingi. Mzee hataki makuu, anataka tu asikilize bendi zake za zamani, Sikinde na Msondo, akiwa anapandisha Kibosho.

Nikamwambia mzee nipe nusu saa.

Spika za mbele kwenye hiyo gari zimekaa juu ya dashibodi, kwenye kona kabisa, moja kulia moja kushoto, pale kioo cha mbele kinapoanzia. Unabandua kikava chenye matundu, unafungua skrubu, unatoa ya zamani unaweka mpya. Kikava nilikiacha kipigwe na jua kwanza, maana plastiki ya umri ule ukiilazimisha asubuhi na baridi la Moshi vile vimeno vya kushikia vinakatika vyote, hilo nilikuwa nalijua. Ambalo sikulijua ni kwamba kioo kimelala. Skrubu mbili za upande wa kiti zilitoka fasta, lakini hizi mbili za nyuma ziko kule chini kioo kinakoishia, ukileta bisibisi mpini unagonga kioo kabla ncha haijakaa sawa, ukiiinamisha inashika upande mmoja tu halafu inateleza na kukikwangua kichwa cha skrubu. Nikaazima bisibisi fupi kwa jirani, nayo wapi. Nimelala kifudifudi juu ya dashibodi, miguu iko nje ya mlango, jasho linadondokea kwenye usukani, na mzee amekaa kwenye kigoda chini ya mgomba anatafuna karanga.

"Hiyo nusu saa yako inaisha lini?"

Ikabidi nishuke kwa fundi pikipiki mmoja pale barabarani Rau, mtu mzima kidogo. Nikamwamkia, nikamweleza, akacheka, akatoa kwenye kopo biti moja ya nyota, zile ndogo za kuchomeka kwenye mashine, pamoja na spana ya robo inchi. "Achana na mpini mdogo wangu. Biti peke yake, uikandamize na kidole gumba, halafu uizungushe na spana." Yani ile biti urefu wake haufiki hata kifundo cha kidole, inakaa wima kabisa chini ya kioo, na spana inazunguka kwa ubavu. Unapata nafasi kidogo tu, unatoa spana, unarudisha, unasukuma tena. Kidole gumba kilitoka malengelenge ila zilitoka.

Sasa kurudisha. Hapa ndo nilitamani kulia. Spika ina sumaku kubwa, ukiisogeza skrubu karibu inachomoka mkononi inaenda kujibandika kwenye sumaku, unaitoa, inarudi. Moja ikanichoropoka kabisa ikadumbukia kwenye upenyo wa hewa ya kufutia ukungu kioo, nikaisikia inashuka ngo, ngo, ngo, kimya. Ndipo nikapata akili ya kuziba ule upenyo na kitambaa (nimeshachelewa) na kupaka grisi kwenye ncha ya biti ili skrubu igande. Saa kumi jioni spika zote mbili zimekaa, kikava kimerudi, nikawasha redio kwa majivuno.

Mzee akasikiliza kama dakika mbili hivi. Akauliza, "Besi limeenda wapi?"

Nikabisha, nikasema spika mpya ziko hivyo mpaka zizoee. Lakini kweli, magitaa yanalia safi, besi hakuna, kama mpigaji ametoka kwenda kujisaidia. Nikakumbuka waya. Upande mmoja nilibadilisha chanya na hasi, kwa hiyo spika moja ikisukuma nje nyingine inavuta ndani, zinauana, na besi ndo linakuwa la kwanza kupotea. Ningezijaribu kwanza na betri ya rimoti ningeona, ukigusisha chanya kwa chanya karatasi ya spika inaruka kuja nje, kitu cha sekunde mbili. Basi nikarudi tena kifudifudi na kidole changu chenye lengelenge, kikava nje, skrubu ya kwanza, ya pili, nahangaika na ya nyuma kigiza kinaingia, namulika kwa simu niliyoing'ata mdomoni.

Yule fundi akapita kuchukua spana yake. Akamwamkia mzee, "Shikamoo meku," akaja kuchungulia dirishani. Nikamweleza ninachofanya.

"Sasa si ungegeuza hizo waya huku nyuma ya redio?"

Redio inachomoka kwa mbele. Hata bisibisi haihitaji.

Sikumjibu. Mzee ndo alicheka mpaka karanga zikampalia.

Ile skrubu iliyodumbukia haijatoka mpaka leo. Mzee akikata kona ya kuingia nyumbani inalia kwenye dashibodi, ti-ti-ti, na yeye anaongeza sauti.